Hema la Mtu wa Bajeti

Siku nilipoambiwa kwamba mtu wa bajeti anakuja kututembelea, nilipiga kelele hadi askari wa mahakama akaja mbio kuuliza nani ameumia. Hakuna aliyeumia. Ni mimi tu, na mimi nikifurahi sijui kunyamaza. Bosi wangu, ambaye ni msajili wa mahakama na mama mpole kuliko mimi, aliufunga mlango, akavua viatu vilivyojaa tope la mjini, akaniambia niketi kwanza.

"Wamekubali kuja kuona," alisema. "Kuona tu. Hawajasema watatoa."

"Madam, mtu akishaona si atatoa!"

"Kaa chini."

Sikukaa. Ningekaaje? Kwa wiki tatu yule mama alikuwa akipanda na kushuka ngazi za maofisi katikati ya jiji, kila meza ikimtuma kwa meza nyingine, akiomba pesa za mpango wetu wa upatanishi. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa mpango huo, katika mahakama moja upande wa magharibi wa Nairobi, si mbali na Waiyaki Way. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Watu wawili wameshtakiana. Badala ya kungoja hakimu miaka nenda miaka rudi, wanaingia chumbani na mpatanishi aliyefunzwa, wanafungiwa mlango, wanaongea. Wakielewana wanatia sahihi, hakimu anapitisha, wanaenda nyumbani. Wao hawalipi kitu. Serikali ndiyo inayomlipa mpatanishi, inanunua karatasi, na inalipa mshahara wangu. Lakini pesa hizo zilikuwa za majaribio na zilikuwa zinakwisha mwisho wa Juni. Zisipoongezwa, chumba chetu kingerudi kuwa stoo ya faili, mimi ningerudi nyumbani, na watu wote waliokuwa kwenye orodha yangu wangerudi mkiani mwa foleni ya kesi za kawaida.

Nilikuwa naijua ile foleni. Nilikuwa nimeona mtu akiingia mahakamani na mtoto mgongoni, na kesi ikaja kusikizwa mtoto akiwa na sare ya shule. Ndiyo maana nilikuwa nataka zile pesa kwa moyo wangu wote, na si kwa sababu ya mshahara peke yake, ingawa mshahara nao siukatai.

Sasa, sijui kwenu, lakini kwetu mgeni wa serikali hapokewi hivi hivi. Lazima kuwe na hema. Lazima kuwe na viti vya plastiki vimepangwa safu, meza ya mbele yenye kitambaa cheupe, chupa za maji, maua, mtu wa kuomba, na kila mtu asimame ajitambulishe hata kama ni mfagiaji. Mgeni akija akute hakuna hema, ataona mlimchukulia kama mtu wa kupita tu.

"Tunaomba pesa halafu tunaweka tenti?" bosi aliniuliza.

"Madam, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila tenti tutaonekana tunacheza. Na tenti ni ya bure."

Ilikuwa ya bure kweli. Kanisani kwetu Muthangari, ambako naimba kwaya, waliniazima hema la watu mia moja, wakalileta na pikapu jioni kabla ya siku yenyewe, wakabwaga mabomba na turubai kwenye nyasi mbele ya mahakama wakaondoka. Nikapiga simu Kangemi kwa vijana wawili wa kazi ya mkono niliowajua kwa sauti ya simu tu, tukakubaliana waje saa moja asubuhi walisimamishe. Usiku ule usingizi nilikuwa nauona kwa wenzangu.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Juni, na manyunyu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu na thamosi mbili za chai na kitambaa cha meza kwapani. Ilipofika saa moja kamili, nikaona wanaume wawili getini. Mmoja alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, amevaa koti zito la kijivu. Mwenzake alikuwa mdogo kidogo, amevaa gambuti. Mmoja alisimama kushoto mwa geti na mwingine kulia, kila mmoja anaangalia barabara. Nikasema moyoni, hawa ndio vijana wa Kangemi? Vijana gani hawa wenye mvi? Lakini wakati ulikuwa hauningoji.

"Nyinyi!" niliwaita. "Mnasimama hapo mnangoja harusi? Ingieni, kazi ndiyo hii!"

Waliangaliana mara moja, haraka, kisha kila mtu akageuza uso wake.

"Madam, sisi tumekuja..." alianza yule wa koti.

"Najua mmekuja! Kamata hivyo vyuma. Mgeni anafika saa tatu. Wewe wa gambuti, turubai hiyo. Haraka!"

Nilikuwa nimevaa kitambulisho changu cha mahakama shingoni, na mtu mwenye kitambulisho mahakamani hapingwi. Wakashika vyuma.

Jameni, walikuwa wabovu! Sijawahi kuona mafundi wa hema wasiojua hema kiasi kile. Kila mmoja aliinua bomba lake peke yake, kimya, mgongo kwa mgongo, na kila mara turubai likashuka likawafunika wote wawili. Mimi huku nimesimama kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Ala! Mtainuaje moja moja? Hiyo kitu inataka watu wawili! Muongee! Mmoja akisema vuta, mwingine anavuta. Kwani mmekatwa ndimi?"

Kisha yule wa koti, bila kumwangalia mwenzake, akasema chini chini, "Shika hapo."

Mwingine akashika.

"Si hapo. Juu kidogo."

Akapandisha mkono.

"Haya. Vuta."

Hema likainuka upande mmoja. Nikapiga makofi kama mtoto, nikaingia ndani kupanga chai. Kila nilipochungulia dirishani nilisikia sauti zikiongezeka. Shika. Achilia. Ngoja, ngoja kwanza. Wacha kuvuta, wewe, utaniangusha! Mara moja niliona yule wa gambuti amepanda juu ya kiti na mwenzake amekishikilia kile kiti kwa mikono miwili. Kufikia saa mbili na nusu hema lilikuwa limesimama, limepinda kidogo upande wa choo, lakini limesimama. Niliwapa viti vya kupanga, nikawapa chai. Walikunywa wamesimama upande mmoja wa hema.

Saa tatu kasorobo gari likaingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa msafara, wakubwa watano, sita, na wapiga picha. Alishuka mtu mmoja. Mwembamba, mafua yamemkaba, faili moja mkononi. Nyuma yake dereva. Basi! Viti mia moja kwa ajili ya mtu mmoja. Alisimama akawaangalia wale wanaume wawili, ambao walikuwa wanapigilia kigingi cha mwisho, mmoja ameshika, mwingine na nyundo, kisha bosi akamkaribisha akampeleka meza ya mbele. Nikawakusanya makarani, wafagiaji, na watu waliokuwa wamekuja na kesi zao nyingine wakikimbia manyunyu, ili viti visikae vitupu.

Halafu nikakumbuka orodha. Siku hiyo tulikuwa na kikao kimoja tu cha upatanishi, saa tatu, na mpatanishi, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa tayari chumbani. Kwenye mpango wetu hatuiti majina. Tunaita namba, kwa sababu ya siri. Nikasimama koridoni nikaita namba. Hakuna jibu. Nikatoka nje, nikaita tena karibu na hema.

Mkono ukainuka. Ulikuwa na nyundo. Na mkono wa pili ukainuka, wa yule wa gambuti.

"Shusheni mikono nyinyi," nikawaambia. "Naita wenye kesi."

"Ndiyo sisi, madam," alisema wa gambuti.

Wakati huo huo simu yangu ikalia. "Niaje, madam," sauti ya kijana ikasema, "pole sana, tumechelewa, hiyo tenti bado mnataka tuje kuweka?"

Ngai! Nikashika kamba ya hema. Nilikuwa nimewatumikisha wenye kesi. Watu waliokuja kutafuta haki nimewapigia kelele, nimewauliza kama wamekatwa ndimi, nimewabebesha vyuma kwenye manyunyu saa mbili nzima, na walikuwa wamefika saa moja kwa sababu kila mmoja alitaka kufika kabla ya mwenzake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikawaomba msamaha palepale, maneno yakinitoka ovyo, lakini bosi alikuwa ananiita mbele kwa mkono, na mgeni ananiangalia. Nikawaambia wakae nyuma kidogo, kikao kitaanza tukimaliza na mgeni.

Bosi alisoma hotuba yake. Ilikuwa nzuri. Mtu wa bajeti alipenga kamasi, akafungua faili.

"Haya yote umeshaniandikia," alisema. "Nimekuja kuona. Nipeleke niketi kwenye kikao kimoja."

"Haiwezekani, bwana. Yanayosemwa chumbani ni siri."

"Nitakaa kona tu."

"Hapana, bwana."

"Basi nisimame mlangoni nisikie kidogo."

"Hapana."

"Nionyesheni faili."

"Faili za upatanishi zimefungwa, bwana."

Akatua kalamu. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa amechoka. "Madam, nimekaa kwenye foleni ya magari tangu saa kumi na mbili. Kuna ofisi nyingi zinataka pesa hizi hizi. Wengine wananionyesha kisima, wengine wananionyesha barabara. Hapa kila mlango nafungiwa. Nitaandika nini?" Kisha akatazama hema akacheka kidogo. "Hata afadhali hawa watu wenu wa tenti. Nimewakuta wakifanya kazi, mmoja anashika mwingine anapiga, wanaelewana. Hicho ndicho kitu cha pekee nilichokiona leo."

Mungu wangu! Wako pale, hatua kumi nyuma yake, matope magotini. Akigeuza shingo tu anawaona. Na akanigeukia mimi.

"Wewe karani, ndiye unayewapokea hawa watu. Nitajie mtu mmoja. Mmoja tu, aliyekuja kwa mpango huu, nimwone kwa macho."

Nyie, mimi ni mtu wa kusema. Ndivyo nilivyoumbwa. Maneno yalikuwa yamefika hadi kwenye meno. Ningeinua kidole tu na zile pesa zingekuwa zetu, chumba chetu, mkataba wangu, orodha yote ile. Lakini nilikuwa nimekula kiapo. Sikuruhusiwa hata kumwonyesha mtu kwamba fulani amekuja kupatanishwa, sembuse na nani. Na kama ningewaonyesha wale wawili bila ruhusa yao, kesho nani angeniamini amwache ndugu yake aketi naye kwenye kile chumba? Bosi alinitazama.

"Siwezi, bwana," nikasema. "Andika tu kwamba tulikunyima."

Akaichukua tena kalamu yake. Nami nikaona kama nimeuzika mpango kwa mikono yangu mwenyewe, na machozi yalikuwa karibu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Mzee, mimi niko na malalamiko."

Alikuwa yule wa koti. Amesimama, nyundo bado iko naye. Nikasema, nimekwisha. Huyu sasa atanishtaki mbele ya mgeni, na ana haki.

"Huyu mama," alisema akinielekezea nyundo, "amenifanyisha kazi ya bure kutoka saa moja. Mimi si mtu wa tenti. Mimi nimekuja kesi. Na huyu mnamwona hapa ni ndugu yangu wa tumbo moja, na sijaongea naye miaka sita."



"Baba alituachia ploti pale Kangemi. Tukagombana, tukaweka ukuta wa mabati katikati. Bomba la maji likabaki upande wake. Choo kikabaki kwangu. Wapangaji wake wanakuja kuniomba choo, wangu wanaenda kumwomba maji. Miaka sita! Nikimwona barabarani navuka. Na leo, kwa sababu ya huyu mama na mdomo wake, nimemwambia 'shika hapo' labda mara hamsini."

Watu walianza kucheka. Mtu wa bajeti hakucheka. Aligeuka na kiti chake kizima.

"Na wewe?" alimwuliza mdogo. "Kwa nini hukukataa? Si ungesema wewe si fundi?"

Mdogo alisimama, akavua kofia. "Mzee, sisi tulidhani ndiyo upatanishi wenyewe."

"Upatanishi ni kuweka tenti?"

"Sisi tutajuaje? Tulipewa karatasi ya kuja saa tatu. Tumefika, tumeambiwa tushike vyuma pamoja, tukiacha kuongea tunafokewa. Nikajiambia, kumbe serikali imefikiria. Nikaogopa, nikikataa wataandika mimi ndiye sitaki amani."

"Hata mimi niliogopa hivyo hivyo," alisema mkubwa, na akamwangalia ndugu yake. "Kwani ulidhani mimi nilitaka?"

Ah, wacha wee! Kile kicheko! Wafagiaji walishikana, askari aliegemea mlingoti hadi turubai likamwaga maji. Mimi nilicheka na kulia pamoja, aibu na furaha vikinipanda kichwani kwa wakati mmoja. Ndugu wenyewe walicheka pia, kila mtu akiangalia chini. Bosi peke yake ndiye aliyekuwa hacheki, alikuwa anamtazama mgeni, kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Mgeni alingoja watu watulie. "Sasa mmepatana?" aliuliza.

"Bado," mkubwa alisema bila kusitasita. "Tenti ni tenti. Ploti ni ploti. Kuna maneno mengi ya kusema, na mengine ni ya kutusi."

"Kikao chenu ni saa ngapi?"

"Kilikuwa saa tatu."

Akaangalia saa yake. Ilikuwa inaenda saa tano. "Sasa mnangoja nini?"

"Tunakungoja wewe uondoke, mzee."

Sikujua mtu anaweza kumwambia mgeni wa serikali hivyo. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, yule mtu mwembamba alikuwa amesimama anafunga faili lake. Bosi akamwambia chakula kiko tayari, kuku yuko, chapati ziko. Akasema hapana, asante, hawa watu wamengoja vya kutosha. Akampa mkono bosi. Akaja kwangu, akanipa mkono. Gari likatoka, na sisi tukabaki na viti vyetu mia moja.

Wale ndugu wakaingia chumbani, mkubwa mbele. Mwalimu akafunga mlango. Nilikaa koridoni kama kawaida, kwenye kiti changu, mbali kiasi cha kutosikia. Walikaa humo hadi jioni. Waliyoyasema humo siyajui. Walivyoamua najua, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga chapa karatasi yao, lakini sitakuambia. Niliyokusimulia hapa ni yale aliyoyatangaza mkubwa mwenyewe chini ya hema, mbele ya kila mtu, kwa hiari yake.

Juni ikaisha. Hakuna barua. Tarehe moja Julai nilienda kazini bila mkataba. Nilivaa kitambulisho changu, nikafungua chumba, nikafagia. Siku ya pili vivyo hivyo. Bosi aliniambia niende nyumbani, hawezi kuniahidi kitu, nikamwambia nyumbani nitakaa nikifanya nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa nikitoka wataleta faili za stoo. Watu waliokuwa kwenye orodha walikuwa wakipiga simu kuuliza kama tarehe zao bado zipo, na mimi nikawa nawajibu zipo, bila kujua kama nadanganya. Ulikuwa mwezi mgumu. Kila tarishi aliyepita nilimtazama mikono kabla ya uso.

Barua ilikuja katika juma la tatu, mchana, wakati bosi anakula ndizi mezani kwangu. Aliichana bahasha kwa kidole. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno marefu ya ofisi, kurejelea hiki na kuzingatia kile. Wa pili ulikuwa nakala ya ripoti ya mgeni wetu. Ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema kwamba afisa hakuruhusiwa kuingia chumbani, hakuruhusiwa kusimama mlangoni, hakuruhusiwa kusoma faili, na kwamba karani, alipoombwa kumtaja mtu mmoja tu, alikataa. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: kwa sababu hizo, afisa anapendekeza mpango uendelee kugharamiwa, na uanzishwe katika mahakama nyingine.

Bosi aliusoma kimoyomoyo mara mbili. Kisha akanipa mimi, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni tena. Nikatoka nayo koridoni, mahali walipokuwa wamekaa watu na kesi zao, nikawasomea kwa sauti yangu yote kutoka mwanzo hadi mwisho, maana hiyo haikuwa siri ya mtu.